Nani Aliyeshika Kalamu? Tathmini ya Kozi ya Jioni Kuhusu Nyaraka za Mitume

Kozi ninayoitathmini hapa huendeshwa katika ukumbi wa usharika mmoja jijini Dar es Salaam, kila Jumanne kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 2:00 usiku, kwa majuma 10, na ada yake ni shilingi 60,000 pamoja na kijitabu cha masomo. Mada yake ni nyaraka za Kikristo za karne ya kwanza na za mwanzo wa karne ya pili: ni nani aliyeziandika, ziliandikwaje, zilifikishwaje kwa walioandikiwa, na zinafundisha nini. Nilijiandikisha nikiwa msomaji wa masomo ya Jumapili kanisani kwetu kwa miaka 11, na nikiwa nimetumikia masjala ya ofisi ya umma kwa miaka 26. Nayataja yote mawili kwa kuwa yaliathiri namna nilivyoipokea kozi hii. Kanisani nimezisoma nyaraka hizi kwa sauti mara nyingi pasipo kuuliza zimetoka mikononi mwa nani. Kazini nimeshinda na nyaraka za aina nyingine, zenye kumbukumbu namba, mhuri na saini ya "kwa niaba ya", nikijua fika kwamba aliyeiandaa barua, aliyeitia saini na aliyeipeleka mara nyingi ni watu watatu tofauti, na kwamba barua haiwi ya uongo kwa sababu hiyo.

Mwalimu ni mchungaji mstaafu aliyefundisha Agano Jipya kwa miaka mingi, na jambo la kwanza la kumsifia ni kwamba hafundishi juu ya waraka kabla waraka wenyewe haujasomwa. Ulio mfupi tuliusoma wote kwa sauti, tukipokezana, bila kusimama kueleza mstari hata mmoja; ulio mrefu tulitakiwa kuumaliza nyumbani kabla ya kuja. Wagalatia ulituchukua karibu nusu saa. Katika miaka yangu yote ya kusimama mbele kusoma sikuwahi kuusikia waraka huo kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa ratiba ya masomo hutugawia mistari minane leo na kumi mwezi ujao. Ukisikilizwa mzima, mtu anaisikia hasira ikipanda tangu sura ya kwanza, ambako Paulo anairuka kabisa ile shukrani ambayo amezoea kuianzia, hadi sura ya tatu anapowaita wasomaji wake watu wasio na akili na kuwauliza ni nani aliyewaloga. Hakuna maelezo ya mwalimu yeyote ambayo yangenifikisha hapo kama usomaji ule ulivyonifikisha.

Sehemu kubwa ya jioni ya kwanza ilitumika kulichambua neno lenyewe, waraka, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu likiwa na maana ya jani au karatasi, na ambalo tafsiri ya Union ya mwaka 1952 imelishikilia ilhali Biblia Habari Njema imechagua "barua". Mwalimu hakulitia kosani neno lolote kati ya hayo mawili. Alieleza kwamba barua za watu wa kawaida zilizohifadhiwa katika mafunjo ya Misri ya wakati wa Warumi ni fupi, nyingi zinatosha katika ukurasa mmoja, ilhali Filemoni, ulio mfupi kuliko nyaraka zote za Paulo, una maneno kama 335 ya Kigiriki, na Warumi unapita maneno 7,000. Kwa hiyo tunacho kitu chenye sura ya barua, kinachotaja watu kwa majina na kuingia katika ugomvi wao, lakini kilichokusudiwa kusomwa mbele ya wote, kama 1 Wathesalonike unavyoagiza kwa kuwaapisha wapokeaji kwamba ndugu wote wasomewe. Alitueleza pia kwa nini waraka huo unawekwa mwaka 50 hivi: maandishi ya kuchongwa kwenye jiwe yaliyopatikana Delphi yanamtaja liwali Galio, yuleyule wa Matendo sura ya 18, na yanamweka Korintho karibu na miaka ya 51 na 52, hivyo kukaa kwa Paulo katika mji ule kunapata tarehe, na nyaraka nyingine zinahesabiwa kutokea hapo. Mimi ambaye maisha yangu yote ya kazi nimeambiwa kwamba barua isiyo na tarehe haifai kufunguliwa jalada, nililifurahia somo hili kuliko pengine wenzangu.

Jioni ya pili ndiyo iliyonifanya niamue kwamba ada yangu haikupotea. Mwalimu alitugawa wawili wawili, mmoja awe mwenye barua na mwingine awe mwandishi wake, kisha akaagiza mwenye barua aseme na mwandishi aandike kila neno analolisikia, bila kufuta kitu. Mwenzangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, mwenye mwandiko mzuri na mkono mwepesi. Nilimwandikisha barua ya kwenda kwa mdogo wangu kuhusu mpaka wa shamba. Nikasema kwamba mzee wetu hakumgawia mtu ardhi ile isipokuwa sisi wawili, kisha nikakumbuka kwamba alimkatia shangazi kipande upande wa bondeni, nikasema na hilo, na mwisho nikaongeza kwamba kama yupo mwingine simkumbuki. Mama yule aliandika yote. Ndipo Mwalimu akatufungulia 1 Wakorintho 1:14-16, ambako Paulo anashukuru kwamba hakumbatiza mtu huko Korintho ila Krispo na Gayo, kisha anaongeza kwamba aliwabatiza pia watu wa nyumbani mwa Stefana, na zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mtu mwingine yeyote. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mistari ile nilikuwa nimeisoma hadharani mara kadhaa nikidhani ni unyenyekevu wa Mtume, kumbe ni sauti ya mtu anayetembea chumbani akisema, anakumbuka jambo katikati ya sentensi, na mwandishi hathubutu kulirekebisha.

Kutoka hapo tulifuatishwa alama za mikono kama tunavyofuatisha katika jalada. Tertio anajitaja mwenyewe katika Warumi 16:22 kuwa ndiye aliyeuandika waraka ule, naye anasalimu. Mwishoni mwa 1 Wakorintho Paulo anasema salamu ile ni ya mkono wake mwenyewe, maana yake ni kwamba yaliyotangulia yalikuwa ya mkono mwingine. Katika Wagalatia 6:11 anawaonyesha ukubwa wa herufi zake. Katika Filemoni 19 anaandika kwa mkono wake ahadi ya kulipa deni, jambo ambalo karani yeyote anajua kwa nini lisingeachiwa mkono wa mtu mwingine. Na katika 1 Petro 5:12 tunaambiwa kwamba waraka ule umeandikwa kwa mkono wa Silwano, kauli ambayo wataalamu hubishana kama ina maana ya mwandishi, mpelekaji, au vyote viwili. Mwalimu alisisitiza kwamba swali la "nani aliandika" katika ulimwengu ule lina ngazi kadhaa, kwa kuwa yuko mwenye wazo, yuko mwenye maneno, yuko mwenye kalamu, na yuko aliyelibeba jambo lenyewe hadi mlangoni.

Huyo wa mwisho alipewa heshima yake. Fibi wa Kenkrea, anayetambulishwa mwanzoni mwa Warumi 16, anaelekea ndiye aliyeupeleka waraka ule Roma, na wengi huona kwamba mpelekaji wa aina yake ndiye pia angetegemewa kuyaeleza yale ambayo wasikilizaji hawakuyaelewa. Mwalimu alitutaka tulinganishe neno moja la Kigiriki, diakonos, ambalo katika tafsiri yetu ya Union limekuwa "mhudumu" kwa Fibi, na katika Wafilipi 1:1 limekuwa "mashemasi" kwa watu wa Filipi. Hakuongeza neno. Alitupa dakika tano za kuangalia kurasa hizo mbili, na wanawake waliokuwa ukumbini waliziangalia kwa muda mrefu zaidi.

Nilivutiwa vilevile na maelezo juu ya Waefeso, ambao katika baadhi ya nakala za kale zaidi, ikiwamo ile ya mafunjo ya mwaka 200 hivi ambayo wataalamu huiita P46, hauna kabisa maneno "walioko Efeso" katika salamu yake. Wako wanaodhani kwamba ulikuwa waraka wa kuzungushwa katika makanisa kadhaa ya Asia, na jina la mji likawa linajazwa. Kwa mtu aliyewahi kutoa nakala 40 za waraka mmoja wa utumishi na kubadilisha jina la mpokeaji katika kila nakala, dhana hiyo haihitaji kutetewa sana, ingawa Mwalimu alikuwa mwangalifu kutukumbusha kwamba inabaki kuwa dhana, na kwamba wataalamu wengine wanauhesabu waraka huo kuwa wa mwanafunzi wa Paulo. Zile ambazo karibu wote wanakubali kuwa ni za Paulo mwenyewe ni saba: Warumi, 1 na 2 Wakorintho, Wagalatia, Wafilipi, 1 Wathesalonike na Filemoni.

Filemoni ulipewa jioni yake peke yake, mistari 25 kwa saa mbili na nusu, na haikuwa nyingi. Tulianza na jina Onesimo, ambalo kwa Kigiriki lina maana ya mwenye manufaa, na ambalo Paulo analichezea katika mstari wa 11 anaposema kwamba zamani alikuwa hafai na sasa anafaa sana. Halafu tukageukia Kiswahili chetu wenyewe. Paulo katika salamu ya Warumi anajiita mtumwa wa Kristo Yesu aliyeitwa kuwa mtume. Katika Kigiriki maneno hayo mawili hayana undugu wowote wa sauti, bali katika Kiswahili yote yametoka katika kitenzi kimoja, kutuma, na tofauti yake ni irabu na kiambishi. Mtume ametumwa na mtumwa anatumwa. Waliotutafsiria nyaraka hizi hawakulibuni hilo, walilikuta katika lugha. Na walilikuta mahali ambapo neno mtumwa halikuwa la vitabuni: Edward Steere, aliyesimamia tafsiri ya Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja, ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mwalimu alituuliza tufikirie mstari wa 16, ule usemao "si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", ulivyosikika ulipotamkwa kwa Kiswahili karibu na mahali pale, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wamewahi kuuzwa.

Nilipenda pia kwamba hakututafunia jibu. Waraka hausemi waziwazi kwamba Onesimo alitoroka. Hiyo ni namna ya kale ya kuuelewa, nayo ina nguvu, lakini si andiko. Wala Paulo haagizi kwa neno moja kwamba Onesimo aachwe huru. Anaomba, anabembeleza, anakumbusha deni, anatangaza kwamba atafika na aandaliwe chumba, na salamu yake haimtaji Filemoni peke yake, inamtaja Afia, Arkipo na kanisa linalokutana katika nyumba hiyo, hivyo bwana yule atasomewa ombi hilo mbele ya mashahidi. Mwanafunzi mmoja kijana alimwambia Mwalimu kwamba angetamani Paulo aseme waziwazi kwamba utumwa ni dhambi. "Hata mimi, mwanangu," alijibu Mwalimu, "na wengi walioteseka wamelitamani hilo kabla yetu." Hakumsahihisha. Mwingine alitaja kwamba Ignatio wa Antiokia, askofu wa mwanzo wa karne ya pili, katika waraka wake kwa Waefeso, anamtaja askofu aitwaye Onesimo, na ukumbi ukachangamka. Mwalimu akatueleza kwa upole kwamba jina hilo lilikuwa la kawaida mno kwa watumwa, na kwamba tamaa ya kuona hadithi ikiisha vizuri si ushahidi.

Jioni iliyokuwa bora kuliko zote kwa upande wa uandishi ilikuwa ya Waebrania. Huu ni waraka usio na salamu mwanzoni, usiotaja jina la mwandishi mahali popote, ambao unaanza kama hotuba na kuishia kama barua, ukimtaja Timotheo kuwa amefunguliwa na kupeleka salamu za watu wa Italia. Mwalimu alitugawia kazi ya kumtetea kila mmoja aliyewahi kutajwa. Kundi la kwanza lilimtetea Paulo, likitumia ule ushahidi wa P46, ambako Waebrania umewekwa mara tu baada ya Warumi. Kundi la pili lilimtetea Barnaba, ambaye Tertuliano, mwandishi Mkristo wa kale, alimtaja kuwa ndiye mwandishi. Kundi la tatu lilipewa Luka, kwa kuwa Klementi wa Aleksandria alisema Paulo aliuandika kwa Kiebrania na Luka akautafsiri. La nne lilipewa Apolo, aliyependekezwa na Martin Luther, kwa hoja kwamba Matendo inamsifu kuwa mtu wa elimu na hodari katika maandiko, naye mzaliwa wa Aleksandria. Kundi langu lilipewa Priska, aliyependekezwa na Adolf von Harnack mwaka 1900, na tulijitahidi sana: tukasema kwamba alikuwa mwalimu, kwamba alimfundisha huyohuyo Apolo, kwamba alihusika na Roma na Italia, na kwamba jina la mwanamke ndilo lingekuwa jina rahisi zaidi kuachwa lipotee.

Kisha Mwalimu akatuangusha kwa neno moja. Katika 11:32, mwandishi anaposema wakati usingemtosha kuleta habari za Gideoni na Baraka na wengine, kitenzi cha Kigiriki anachojieleza nacho kina umbo la kiume. Kundi la Paulo nalo lilikutana na 2:3, ambako mwandishi anajiweka miongoni mwa waliothibitishiwa wokovu na wale waliomsikia Bwana, ilhali Paulo katika Wagalatia anakana kwa nguvu kwamba aliipokea injili yake kwa wanadamu. Mwishoni tulisomewa kauli ya Origene, mwanachuoni wa karne ya tatu, iliyohifadhiwa na mwanahistoria wa kanisa Eusebio, kwamba ni nani aliyeuandika waraka huu Mungu ndiye ajuaye kweli. Nilikuwa nimeisikia kauli hiyo ikitumiwa kufunga mjadala. Nilipoisikia baada ya saa nzima ya kupima ushahidi, niliona kwamba aliyeitamka alikuwa ameupima kwanza: Origene alisikia Kigiriki bora kuliko cha Paulo, akaona mawazo yanayostahili mtume, akakataa kudai zaidi ya alichokuwa nacho mkononi.

Saa iliyobaki ilikuwa ya mafundisho, na hapa nilielewa kwa nini walivipanga vitu hivi kwa utaratibu huo. Mara tu jina la mwandishi lilipoondolewa mezani, tuliwaona walioandikiwa. Ni watu waliochoka. Waliwahi kunyang'anywa mali zao wakavumilia, sasa baadhi wameanza kuacha kukusanyika, na mwandishi hawakemei tu, anawapa kuhani mkuu ambaye, kwa maneno ya tafsiri yetu, anaweza "kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu". Kuchukuana! Nimelisikia neno hilo likisemwa kuhusu mume na mke, kuhusu majirani wa ua mmoja. Sikujua kwamba nimekuwa nikilisoma kanisani.

Baada ya jioni ya namna hiyo, jioni ya saba ilinisikitisha, na ni lazima niieleze kwa kirefu kwa kuwa ndipo kozi ilipopaswa kuwa imara kuliko kote. Ilikuwa jioni ya Nyaraka za Kichungaji, yaani 1 na 2 Timotheo na Tito, zote tatu kwa mara moja. Mwalimu alizieleza hoja kwa uaminifu: tangu Friedrich Schleiermacher alipotilia shaka 1 Timotheo mwaka 1807, wataalamu wengi wameona kwamba msamiati wake, mpangilio wake wa maaskofu na mashemasi, na safari zinazotajwa humo haviingiliani kirahisi na Paulo wa zile nyaraka saba, wengine wanajibu kwamba Paulo alifunguliwa Roma akasafiri tena, au kwamba Luka, aliyebaki naye peke yake katika 2 Timotheo 4:11, ndiye aliyeshika kalamu. Yote hayo yalikwenda vizuri. Lakini alipofika kwenye swali lenyewe, kama mwanafunzi aliziandika baada ya Paulo kufa basi tuziiteje, alisema kwamba hiyo ilikuwa desturi ya zamani, kwamba mwanafunzi aliandika kwa jina la mwalimu wake kwa heshima, na akafungua ukurasa unaofuata.

Jibu hilo halitoshi, na ushahidi wa kutotosha kwake aliutaja yeye mwenyewe katika majuma mengine. 2 Wathesalonike 2:2 unawaonya watu juu ya waraka unaodhaniwa kuwa umetoka kwa Paulo, na mwishoni mwake mkono wake mwenyewe unatolewa kuwa alama ya kila waraka. Waraka wa namna hiyo haukuandikwa katika ulimwengu usiojali nani ameandika nini. Tertuliano anasimulia habari za mzee mmoja wa kanisa huko Asia aliyetunga maandishi ya matendo ya Paulo, akakiri kwamba alifanya hivyo kwa kumpenda Paulo, na akaondolewa katika nafasi yake. Upendo wake haukumwokoa. Nami kwa kazi yangu naijua tofauti iliyopo. Barua ya "kwa niaba ya" ni halali kwa kuwa mkubwa yu hai, ametoa ruhusa, na anaweza kuita jalada kesho asubuhi akauliza. Barua iliyoandaliwa kwa jina la mkubwa aliyekwisha kuzikwa ni jambo lingine, hata kama kila neno lililomo angelikubali. Simaanishi kwamba najua nyaraka hizi tatu ziliandikwaje. Lile joho lililoachwa kwa Karpo huko Troa, na vile vitabu vya ngozi vinavyoombwa viletwe, hunifanya nisite kila ninapotaka kuamua. Nasema tu kwamba kozi inayojitangaza kuwa inachunguza uandishi haina budi kukaa katika ugumu huo walau kwa saa moja.

Uharaka ule ulimgusa mtu ukumbini. Mama mmoja mwinjilisti, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele tangu juma la kwanza na hakuwa msemaji sana, alisimama na kuuliza: "Baba Mchungaji, mimi nimehubiri vijijini miaka 19 na nimekuwa nikisomewa mstari huu mbele ya watu ili ninyamaze. Nikiambiwa Paulo hakuuandika, je, nifanye nini nao?" Alikuwa na kidole chake juu ya 1 Timotheo 2:12. Huyu ni mtu ambaye suala la uandishi kwake si la kitabuni. Ushahidi wa kumsaidia kufikiri tulikuwa nao tayari: Fibi, Yunia anayetajwa pamoja na Androniko katika Warumi 16:7 kuwa maarufu miongoni mwa mitume, wanawake wanaosali na kuhutubu katika 1 Wakorintho 11:5, hata ile mistari ya 14:34-35 inayowanyamazisha, ambayo katika baadhi ya nakala za kale imewekwa mahali pengine, mwishoni mwa sura. Mwalimu alimjibu kwamba andiko ni andiko, liwe limeshikiwa kalamu na nani, kwa kuwa kanisa lilizipokea nyaraka zote tatu. Ni jibu la mtu wa imani na ninaliheshimu. Mimi pia naamini hivyo. Lakini lilikuwa mwanzo wa jibu, na saa ilikuwa saa 2:00 kamili, na mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na funguo.

Majuma mawili yaliyofuata yalituvusha nje ya Agano Jipya. Waraka wa Kwanza wa Klementi, uliotoka kanisa la Roma kwenda Korintho mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Wakorintho kuwaondoa wazee wao, hautaji jina la mwandishi. Jina la Klementi tunalipata kwa mashahidi wa baadaye kama Dionisio wa Korintho, ambaye mnamo mwaka 170 alishuhudia kwamba ulikuwa bado ukisomwa ibadani. Ni waraka wa sura 65, na kuusikia Roma ikiwakumbusha Wakorintho waraka ambao Paulo aliwaandikia juu ya magomvi yaleyale ni kuona jalada la zamani likifunguliwa tena. Nyaraka saba za Ignatio, zilizoandikwa njiani akipelekwa Roma kuuawa, zilinigusa zaidi, lakini zilipewa jioni moja, na habari ya zile za uongo zilizoongezwa kwa jina lake katika karne ya nne, ambazo James Ussher alisaidia kuzitenga mwaka 1644, ilipita kama basi lisilosimama kituoni. Jioni ya kumi ilikuwa ya marudio, nayo ningeitoa bila majuto ili Ignatio apate nafasi.

Kuhusu huduma yenyewe: kijitabu ni cha kurasa 48, kimeandikwa kwa Kiswahili fasaha, lakini kimetolewa nakala ya nakala, kiasi kwamba ramani ya safari haisomeki na maneno ya Kigiriki yamefifia hadi mtu anayakisia. Kwa ada ile, wahusika wana uwezo wa kuchapa upya kurasa hizo. Umeme ulikatika jioni mbili, na mara zote mbili tulisoma kwa taa za simu bila somo kusimama. Juma la tano liliahirishwa kwa ujumbe uliotumwa saa 10 alasiri siku ileile, wakati wengine wetu tulikuwa tumeshapanda daladala. Tulianza watu 22 na tulimaliza 17. Hakuna mtihani, na Kigiriki hakihitajiki, lakini asiyekuwa na muda wa kusoma waraka mzima nyumbani kabla ya kuja atapoteza nusu ya faida. Ningemshauri mtu aje na tafsiri mbili, Union na Habari Njema, kwa kuwa mambo mengi yalionekana pale zilipotofautiana, na aje mapema apate kiti cha mbele, kwa sababu ukumbi hauna kipaza sauti na Mwalimu husema kwa sauti ya chini anapofika kwenye jambo muhimu.

Niliwaandikia waandaaji barua ya kurasa mbili juu ya jioni ya saba, na mama mwinjilisti akaitia saini pamoja nami. Walijibu baada ya juma moja kwamba awamu ijayo itakuwa ya majuma 12, na kwamba yale mawili ya nyongeza yatakuwa ya Timotheo na Tito, mstari kwa mstari. Tumeshalipia hayo mawili.